Robert Smithson

Robert Smithson (2 Januari 1938 – 20 Julai 1973) alikuwa msanii na mwandishi wa Marekani. Anahesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa sanaa ya ardhi, yaani sanaa inayoundwa kwa udongo, mawe, maji na sura yenyewe ya nchi badala ya kuchorwa kwenye turubai. Anajulikana hasa kwa Spiral Jetty, gati la mawe lililojikunja kama ganda la konokono, alilolijenga mwaka 1970 ndani ya ziwa la chumvi la Great Salt Lake katika jimbo la Utah. Alifariki akiwa na umri wa miaka 35 katika ajali ya ndege ndogo, alipokuwa akitazama kutoka angani mahali alipokusudia kujenga kazi nyingine.

Miaka aliyofanya kazi zake muhimu haifiki kumi. Sehemu kubwa ya alichokijenga imezama, imemomonyoka, imeungua au ilikusudiwa tangu mwanzo isidumu. Mwenyewe aliamini kwamba kila kitu, kiwe mlima, kiwanda au sanamu, kiko njiani kuchakaa, na kwamba msanii mkweli hana budi kuuacha uchakavu huo uingie ndani ya kazi yake. Imani hiyo imewaachia kitendawili wale waliorithi kazi zake, na hadi leo hakijateguliwa.

Maisha ya awali

Smithson alizaliwa katika mji wa Passaic, jimbo la New Jersey, ng'ambo ya jiji la New York. Kaka yake Harold alikuwa amefariki kwa saratani ya damu kabla yeye hajazaliwa, kwa hiyo Robert alilelewa kama mtoto wa pekee. Familia iliishi kwanza Rutherford, ambako daktari wake wa utotoni alikuwa mshairi William Carlos Williams, kisha ikahamia Clifton alipokuwa na umri wa miaka tisa.

Tangu utotoni alipenda wanyama watambaao, wadudu, mawe na visukuku. Wazazi wake walimruhusu kugeuza chumba cha chini ya nyumba kuwa makumbusho madogo ya vitu alivyokusanya, na mara kwa mara alikwenda kwenye makumbusho ya historia ya viumbe mjini New York kutazama mifupa ya dinosauri. Mtu anayezitazama kazi zake za ukubwani, zenye masanduku ya mawe, ramani na vioo, hawezi kukosa kumwona humo mtoto yule wa makumbusho ya nyumbani.

Akiwa bado shule ya sekondari alipata ufadhili wa kusoma katika shule ya Art Students League mjini New York. Baadaye alisoma kwa muda mfupi katika shule ya sanaa ya Makumbusho ya Brooklyn. Hakwenda chuo kikuu. Elimu yake kubwa ya jiolojia, sayansi ya fuwele, riwaya za kubuni za kisayansi na falsafa aliipata kwa kujisomea.

Kutoka kwenye uchoraji

Mwaka 1957 alihamia New York, na mwaka 1959 akafanya onyesho lake la kwanza la peke yake. Wakati huo alikuwa mchoraji. Mwaka 1961 alionyesha Roma picha zenye mada za kidini, zikiwemo za mateso ya Kristo. Kazi hizo hazikumletea sifa kubwa, naye baadaye alizichukulia kama za mwanafunzi.

Mwaka 1963 alimwoa Nancy Holt, aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1938 na ambaye pia alikulia New Jersey. Holt alikuwa msanii kwa haki yake mwenyewe, lakini kwa muda mrefu vitabu vilimtaja kama mke wa msanii tu. Walisafiri pamoja na kupiga picha pamoja, na filamu kadhaa za Smithson zisingekuwepo bila yeye.

Kuanzia mwaka 1964 Smithson aliacha rangi na brashi, akaanza kuunda vitu vya chuma, plastiki na vioo vilivyofuata mpangilio wa fuwele. Mwaka 1966 kazi yake ilikuwemo katika onyesho la Primary Structures kwenye Makumbusho ya Kiyahudi ya New York, onyesho lililowatambulisha wasanii wa umbo sahili kwa umma. Mwaka huohuo alianza kuonyesha katika jumba la sanaa la Virginia Dwan, mwanamke tajiri aliyekuwa tayari kugharimia kazi ambazo hakuna mtu angeweza kuzinunua na kuzipeleka nyumbani. Bila fedha za Dwan, sehemu kubwa ya sanaa ya ardhi ya Marekani ingebaki kwenye karatasi.

Uwanja wa ndege na mtazamo wa angani

Kati ya miaka 1966 na 1967 kampuni moja ya wasanifu majengo na wahandisi ilimwajiri Smithson kuwa mshauri wa sanaa katika mipango ya uwanja mpya wa ndege kati ya miji ya Dallas na Fort Worth, Texas. Alipendekeza kazi za chini sana, zilizolala ardhini pembezoni mwa njia za kurukia, ambazo abiria angeziona vizuri akiwa ndani ya ndege. Aliwaalika wasanii wenzake Robert Morris, Carl Andre na Sol LeWitt walete mapendekezo yao. Hakuna lililojengwa.

Hata hivyo mradi huo ulibadilisha fikra zake. Alizoea kutazama ramani, picha zilizopigwa kutoka angani na ripoti za uchimbaji wa udongo, na akatambua kwamba kazi ya sanaa inaweza kuwa na sura mbili: ile anayoiona mtu anayetembea juu yake, na ile anayoiona mtu aliye juu angani. Sura hizo mbili hazifanani, wala moja haitoshi bila nyingine.

Minara ya kumbukumbu ya Passaic

Tarehe 30 Septemba 1967 Smithson alipanda basi kutoka New York akarudi Passaic, mji aliozaliwa, akiwa na kamera ya bei nafuu. Alitembea kando ya mto, akapiga picha daraja la zamani, mabomba yanayomwaga maji machafu mtoni, mashine za ujenzi wa barabara kuu na sanduku la mchanga la watoto kuchezea. Makala aliyoandika kuhusu safari hiyo ilitoka katika jarida la Artforum mwezi Desemba mwaka huo. Humo alivitaja vitu hivyo kuwa minara ya kumbukumbu, kama vile mtalii anavyotaja majengo makuu ya Roma.

Kulikuwa na mzaha ndani yake, lakini hoja ilikuwa ya kweli. Kwa Smithson, kitongoji cha viwanda kilichojengwa juujuu kilikuwa tayari gofu kabla hakijakamilika. Sanduku la mchanga alilitumia kueleza dhana ya entropia, ambayo katika fizikia ni mwelekeo wa vitu kutoka kwenye mpangilio kwenda kwenye mchanganyiko. Chukua sanduku lenye mchanga mweusi upande mmoja na mweupe upande mwingine, kisha mtoto akimbie humo akizunguka mara mamia kwa kufuata mkono wa saa. Mchanga utageuka kuwa wa kijivu. Mtoto akigeuka na kukimbia kinyume, rangi hazitarudi mahali pake, bali ukijivu utazidi. Walimu wa fizikia wangali wanaweza kuutumia mfano huo darasani.

Mahali na pasipo mahali

Mwaka 1968 alianza mfululizo wa kazi alizoziita Nonsites. Alikwenda machimboni, kwenye majalala au kwenye nyika za mchanga, akakusanya mawe au udongo, akavileta katika jumba la sanaa ndani ya masanduku ya chuma yenye umbo maalumu, na ukutani akatundika ramani ya mahali vilipotoka. Kazi ya kwanza ya aina hiyo ilitumia mchanga wa Pine Barrens, New Jersey, na masanduku yake yalipangwa kwa umbo la pembe sita kufuata ramani ya uwanja mdogo wa ndege uliokuwepo huko. Mtazamaji alibaki na swali: kazi yenyewe iko wapi, hapa ndani au kule nje? Mwezi Oktoba 1968 jumba la Dwan lilifanya onyesho la Earthworks, ambamo Smithson alishiriki pamoja na wasanii kama Michael Heizer na Walter De Maria.

Mwaka 1969 alisafiri hadi rasi ya Yucatan, Mexico, pamoja na Holt na Dwan. Katika sehemu tisa tofauti, juu ya majivu ya shamba, ufukweni na kwenye matawi ya miti, alipanga vioo kumi na viwili vya mraba, akapiga picha, kisha akaviondoa. Vioo vilichukua mbingu na kuilaza chini katikati ya udongo na majani. Dakika chache baadaye hakukuwa na kitu.

Kazi zake za miezi iliyofuata zilikuwa nzito zaidi. Mwezi Oktoba 1969, katika machimbo yaliyoachwa karibu na Roma, aliagiza lori limwage lami ya moto kwenye mteremko uliomomonyoka, ikashuka na kugandia humo. Huko Vancouver, Kanada, alimwaga gundi kwenye mteremko. Alitaka pia kufunika kisiwa kidogo cha mwamba karibu na jiji hilo kwa vipande vya vioo vilivyovunjika, ambavyo mawimbi yangevisaga polepole hadi viwe mchanga tena. Watetezi wa mazingira walipinga kwa kuhofia ndege na wanyama wa baharini, na serikali ikakataza. Smithson alikasirika, lakini ni vigumu leo kusema kwamba wapinzani wake hawakuwa na hoja.

Mwezi Januari 1970, katika Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, alitafuta banda la kuni lililoachwa akaagiza lirundikiwe udongo, mzigo baada ya mzigo, mpaka boriti ya katikati ilipopasuka. Hapo akasimamisha kazi. Tarehe 4 Mei mwaka huo askari wa jimbo waliwafyatulia risasi wanafunzi waliokuwa wakipinga vita katika chuo hicho, wakawaua wanne. Muda si mrefu mtu asiyejulikana aliandika tarehe hiyo kwa rangi kwenye banda. Jengo lililokusudiwa kuonyesha uzito wa udongo likageuka ukumbusho wa waliokufa, jambo ambalo msanii hakulipanga. Mwaka 1975 sehemu yake iliungua, na mabaki yaliondolewa katika miaka ya 1980.

Spiral Jetty

Smithson alikuwa amesoma kuhusu maziwa ya chumvi ya Bolivia yenye maji mekundu, akatamani kujenga mahali kama hapo. Alipata habari kwamba upande wa kaskazini wa Great Salt Lake nao una rangi hiyo. Tuta la reli lililomalizika mwaka 1959 lililigawa ziwa hilo mara mbili. Upande wa kaskazini haupati maji mengi ya mito, hivyo chumvi yake ni kali sana, na bakteria na mwani wanaostahimili chumvi hiyo huyapa maji rangi ya waridi hadi nyekundu.

Alichagua Rozel Point, pwani ya mbali yenye mawe meusi ya basalti na mabaki ya mitambo ya watu waliowahi kujaribu kuchimba mafuta. Kwake mabaki hayo hayakuwa kasoro ya mahali pale, bali sababu mojawapo ya kupachagua. Alikodi ardhi kutoka serikali ya jimbo kwa miaka 20, na Dwan akalipa gharama. Mwezi Aprili 1970 mkandarasi wa eneo hilo na wafanyakazi wake, kwa malori ya tipa na katapila, walimwaga ziwani zaidi ya tani 6,000 za mawe na udongo. Kazi ilikuwa ya hatari, kwa maana malori yalirudi kinyumenyume juu ya tuta jembamba huku pande zote mbili kukiwa na matope. Umbo la kwanza lilipokamilika Smithson hakuridhika. Aliwaita wafanyakazi tena, wakasogeza mawe mpaka likapatikana umbo linaloonekana leo: njia yenye urefu wa takriban mita 460 na upana wa karibu mita 4.6, inayotoka pwani na kujikunja kuelekea kushoto hadi katikati.

Kwenye filamu aliyotengeneza kuhusu kazi hiyo, helikopta inamfuata Smithson akikimbia juu ya mawe kuelekea katikati ya mkunjo, huku jua likimetameta majini. Kwa miaka mingi filamu hiyo na picha zake ndizo pekee zilizowafikia watu, kwa sababu ndani ya miaka miwili hivi ziwa lilipanda na gati likazama. Smithson alilijenga wakati maji yakiwa chini kuliko kawaida.

Machimbo na miaka ya mwisho

Mwaka 1971 alijenga Broken Circle na Spiral Hill katika machimbo ya mchanga karibu na Emmen, Uholanzi. Kazi ya kwanza ni duara lililokatwa nusu nchi kavu na nusu majini, ya pili ni kilima kidogo chenye njia ya kupanda kwa kuzunguka. Katikati ya duara kulikuwa na jiwe kubwa la kale lililomsumbua, maana hakutaka jicho la mtazamaji livutwe kati, lakini lilikuwa zito mno kuondolewa na likabaki. Kazi ilikuwa ya muda tu, ila wenyeji waliipenda wakaamua ihifadhiwe.

Baada ya hapo Smithson aliziandikia kampuni za madini akitaka kugeuza machimbo yaliyokwisha kutumika na malundo ya mabaki yake kuwa kazi za sanaa. Mojawapo ya michoro yake ilihusu shimo kubwa la shaba la Bingham, Utah. Alidai kwamba msanii anaweza kusimama kati ya mwenye kiwanda na mtetezi wa mazingira. Hakuna mradi wa aina hiyo uliojengwa na kampuni hizo katika uhai wake. Wapo waliomlaumu kwamba angeipamba tu mikono ya waharibifu, na lawama hiyo haijaisha. Wengine wameuliza kwa nini maandishi yake kuhusu Utah hayawapi nafasi Washoshone, ambao eneo la kaskazini mwa ziwa ni sehemu ya ardhi yao ya jadi.

Kifo

Mwaka 1973 alialikwa kujenga kazi katika ranchi ya tajiri Stanley Marsh karibu na Amarillo, Texas. Alichagua ziwa dogo lililotengenezwa na watu, akaweka alama za mteremko wa udongo wenye umbo la duara lisilofungwa. Tarehe 20 Julai alipanda ndege ndogo kuzitazama alama hizo na kuzipiga picha. Ndege ilianguka, na Smithson, rubani na mpiga picha wakafa wote watatu.

Wiki chache baadaye Nancy Holt, pamoja na wasanii Richard Serra na Tony Shafrazi, waliijenga kazi hiyo kwa kufuata alama na michoro aliyoiacha. Inaitwa Amarillo Ramp. Ziwa lilikauka baadaye, na mteremko umekuwa ukimomonyoka na kuota vichaka.

Baada ya kifo chake

Holt alikusanya maandishi ya mumewe yakachapishwa mwaka 1979. Mwaka 1976 alikuwa amekamilisha kazi yake mwenyewe katika jangwa la Utah, Sun Tunnels, mabomba manne makubwa ya zege yaliyoelekezwa jua linapochomoza na kuzama wakati wa solistasi. Mwaka 2005 mchoro wa Smithson wa mwaka 1970 ulitekelezwa hatimaye: tishari lililobeba udongo, miti na mawe likavutwa na boti kuzunguka kisiwa cha Manhattan.

Mwaka 1999 Spiral Jetty ilikabidhiwa kwa Dia Art Foundation. Mwaka 2002 ukame uliliibua gati, likiwa limefunikwa chumvi. Mawe yaliyokuwa meusi yalikuwa sasa meupe. Ndipo kitendawili kilipoanza. Wengine walipendekeza mawe yaongezwe ili lisizame tena, wengine wakajibu kwamba kulikarabati ni kumkana aliyelijenga. Hadi sasa wasimamizi wamechagua kutoligusa, ila hupiga picha za angani mara kwa mara ili kufuatilia mabadiliko, kazi waliyoianza kwa msaada wa Taasisi ya Uhifadhi ya Getty. Mwaka 2008 mpango wa kuchimba mafuta ziwani ulipojulikana, maelfu ya watu waliiandikia serikali ya Utah kuupinga, ingawa Smithson mwenyewe aliyapenda mabaki ya visima vya mafuta yaliyokuwa pale. Mwaka 2017 jimbo liliitangaza Spiral Jetty kuwa kazi yake rasmi ya sanaa ya ardhi.

Hatari ya sasa si kuzama. Maji ya mito inayolisha Great Salt Lake yanachukuliwa kwa kilimo na miji, na mwaka 2022 ziwa lilishuka hadi kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa. Mgeni anayefika Rozel Point mara nyingi hulikuta gati likiwa juu ya mchanga mkavu, na hulazimika kutembea zaidi ili kuyafikia maji.

Holt alifariki mwaka 2014. Kwa wosia wake iliundwa taasisi ya Holt/Smithson Foundation, inayotunza kazi na maandishi ya wote wawili. Imepangwa ifungwe mwaka 2038, miaka mia moja tangu wawili hao walipozaliwa.